Sefti, kidole gumba na bastola ya kaka

Leo sina habari za seva wala za msimbo. Au niseme ninazo, ila zimejificha ndani ya habari ya bastola. Vumilieni kidogo.

Kaka yangu mkubwa ana duka la vifaa vya ujenzi upande wa Thika. Juu ya misumari na saruji, yeye pia ni wakala wa M-Pesa, wa wale ambao mawakala wadogo wa mtaani huja kwao kubadilisha pesa taslimu. Kwa hiyo jioni akifunga duka, kile anachobeba hakifanani na mauzo ya misumari. Amevamiwa mara 2. Mara ya pili walimpiga kwa kitako cha bunduki na mpaka leo sikio lake moja halisikii vizuri. Baada ya hapo akaomba cheti cha kumiliki silaha. Mnajua mambo yalivyokaza tangu Desemba 2018, serikali ilipoamuru kila raia mwenye silaha apigwe msasa upya. Akapigwa msasa, akahojiwa, akasubiri, akapewa.

Jumapili moja usiku akanipigia simu. "Kijana, mwenye duka la silaha amenionyesha bastola 2. Moja ina sefti ya kusukuma na kidole gumba. Nyingine haina, anasema sefti yake iko ndani. Wewe ni mtu wa mashine. Hicho kidude kina maana ama ni pambo?"

Nikamwambia mimi ni mtu wa programu, si wa bunduki. Akanijibu ni yale yale. Na kaka mkubwa akishasema ni yale yale, basi ni yale yale.

Zile bastola 2 zilikuwa Glock 19 na CZ 75 ndogo, ile ambayo hapa Kenya kila mtu huiita Ceska. Nilisoma kwa majuma 2, usiku baada ya kazi, na haya ndiyo niliyoelewa.

Glock ilitoka Austria. Gaston Glock hakuwa fundi wa bunduki, kiwanda chake kilikuwa kikitengeneza vitu kama visu na vyombo vya plastiki, na mwaka 1982 jeshi la Austria likachukua bastola yake, Glock 17. Haina sefti ya nje ya kidole gumba. Ina vizuizi 3 vya ndani: kijiulimi katikati ya kifyatulio ambacho lazima kibonyezwe na kidole ndipo kifyatulio kisogee, kizuizi cha pini ya kufyatulia, na kizuizi cha tatu kinachoishika ile pini mpaka kifyatulio kivutwe. Ukivuta, vyote 3 vinafunguka kimoja baada ya kingine. Ukiachia, vinajifunga. Hakuna unachopaswa kukumbuka. Ikianguka sakafuni, imefungwa. Lakini kitu chochote kikiingia kwenye kifyatulio na kukivuta kwa uzito wa kama kilo 2.5, bastola italia, na haitauliza kama ni kidole chako au ni kamba ya koti lako.

CZ 75 ni ya Chekoslovakia ya zamani, kazi ya František Koucký, mwaka 1975. Hii ina nyundo nyuma na ina sefti upande wa kushoto wa fremu, pale kidole gumba cha mkono wa kulia kinapokaa. Ukishakoki, nyundo ikiwa nyuma, unaisukuma sefti juu na kila kitu kinakufa ganzi. Ukiisukuma chini, bastola iko tayari. Nyundo ikiwa mbele, sefti haiendi juu kabisa. Wakati huo mvuto wa kwanza wa kifyatulio ni mrefu na mzito, na watu wengi wanategemea huo uzito. Tatizo ni kuirudisha nyundo mbele risasi ikiwa chemba: unaishika nyundo kwa kidole gumba, unavuta kifyatulio, unaishusha polepole. Kidole kikiteleza, ndio basi. Kuna CZ nyingine zenye kidude cha kushusha nyundo bila kuvuta kifyatulio, lakini hizo hazina sefti ile ninayoizungumzia.

Mtindo huu wa sefti ni wa zamani kuliko CZ. Bastola ya John Browning iliyochukuliwa na jeshi la Marekani mwaka 1911 ilikuwa na sefti ya kidole gumba, na habari niliyoipenda ni kwamba sampuli ya mwaka uliotangulia haikuwa nayo. Iliongezwa kwa sababu ya askari wa farasi. Mtu yuko juu ya farasi, mkono mmoja kwenye hatamu, bastola imekokiwa, farasi anaruka. Anahitaji kuifanya iwe salama kwa mkono mmoja, mara moja. Kumbukeni huyo askari wa farasi, nitamrudia.

Halafu kuna jambo litakalowauma wote wanaotengeneza programu. Kwenye bastola ya Browning na kwenye CZ, chini ni kufyatua, juu ni salama. Kwenye Beretta 92, ambayo jeshi hilo hilo la Marekani liliichukua mwaka 1985 kuchukua nafasi ya ile ya Browning, kidude kiko kwenye slaidi na mambo yamegeuka: chini ni salama, juu ni kufyatua. Fikirini askari aliyezoea miaka 10 kusukuma chini. Ni kama mtu abadilishe nafasi ya "Futa" na "Hifadhi" halafu atoke kwenda kunywa chai.

Sasa nije kwenye taaluma yangu, maana hapo ndipo nilipokosea kwanza.

Wazo langu la mwanzo lilikuwa rahisi: sefti ni kile kisanduku cha "Una uhakika?" Na mimi visanduku hivyo sina imani navyo. Mwaka 2012, katika kampuni moja ambayo sitaitaja, nilifuta jedwali zima la malipo ya wateja nikidhani niko kwenye seva ya majaribio. Programu iliniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo. Asubuhi ile nilikuwa nimeshabonyeza ndiyo mara 30 hivi, na ile ya 31 haikupita kwenye ubongo. Nakala ya usiku uliotangulia ilituokoa, lakini malipo ya nusu siku tuliyaingiza upya kwa mkono, tukisoma ujumbe mmoja mmoja kwenye simu. Nililala ofisini siku 2.

Marehemu Jef Raskin, yule wa Macintosh, alilieleza hili kwenye kitabu chake cha mwaka 2000, The Humane Interface: swali linaloulizwa kila mara linageuka kuwa sehemu ya tendo lenyewe, mtu halisomi tena. Microsoft walilionja hilo na Vista mwaka 2007, ilipokuwa ikiuliza ruhusa kwa kila kitu mpaka watu wakabonyeza kukubali wakiwa wanaangalia dirishani.

Kwa hiyo jibu langu kwa kaka lilikuwa karibu kutoka: achana na sefti, chukua Glock. Ukifanya mazoezi, kidole gumba kitaishusha sefti chenyewe kila unapotoa bastola, kwa hiyo haitakuzuia kukosea. Usipofanya mazoezi, utaisahau siku ya shida. Faida iko wapi?

Nikakaa nalo siku 3. Kilichonigeuza ni simu ya zamani ya mama. Mama bado ana Nokia 3310 kwenye droo, na mwanangu aliichukua kuchezea. Mnakumbuka? Menu, kisha nyota, vitufe vinajifunga. Kile kifungo hakikuwa kinakuuliza kama una uhakika unataka kumpigia shemeji. Kilikuwepo kwa ajili ya wakati ambao hutaki kumpigia mtu yeyote, simu iko mfukoni pamoja na funguo na sarafu.

Hapo nikaona nilichanganya vitu 2. Kisanduku cha "Una uhakika?" kinasimama mbele ya uamuzi. Sefti inasimama pale ambapo hakuna uamuzi wowote: bastola inarudi kwenye mkoba wake kiunoni, pindo la shati limeingia ndani, umesimama nje ya gari na simu inalia. Hutaki kufyatua. Hufikirii kufyatua. Huyo ndiye askari wa farasi. Na Glock kwa hesabu hii ni kama zile simu za kukunja, hazihitaji kufungwa vitufe kwa sababu kifuniko kinavifunika. Kifuniko chake ni mkoba mgumu unaoficha kifyatulio chote. Ndani ya mkoba, sawa. Hatari iko kwenye zile sekunde 2 za kuingia na kutoka.

Nikaanza kuhesabu, maana hesabu hainidanganyi sana kama hisia. Kaka ataivaa asubuhi, ataivua akiingia benki au jengo lenye ulinzi, ataivaa tena, ataivua usiku. Tuseme anairudisha kwenye mkoba mara 3 kwa siku, siku 6 kwa juma. Hiyo ni zaidi ya mara 900 kwa mwaka. Na mara ngapi atahitaji kuitoa kwa dharura? Tunaomba sifuri. Ukiwa na mtu wa kawaida, mchovu, mwenye haraka, asiyefanya mazoezi kila juma, mlinde kwenye zile 900.

Mwenzangu wa kazini, ambaye baba yake alikuwa polisi, hakukubali. Alisema hesabu yangu inapima mara bila kupima gharama: ukikosea kwenye zile 900 huenda ukajipiga paja, ukikosea kwenye ile moja umezikwa. Nikamjibu kwamba kwenye paja kuna mshipa mkubwa ambao ukikatika unaweza kuzikwa kabla ya jioni, na kwamba kaka ana watoto 2 wanaopenda kumkumbatia kiunoni. Hatukumalizana. Bado hatujamalizana.

Alinipa hoja moja nzuri lakini. Usiitegemee sefti ya nje ikufichie kasoro ya ndani. Hili tunalijua sisi watu wa programu kutoka kwenye mashine ya mionzi ya Therac-25: ile ya kabla yake ilikuwa na vizuizi vya vyuma, mpya ikaviondoa na kuachia programu kazi yote, na kati ya 1985 na 1987 wagonjwa wasiopungua 6 wakapigwa mionzi kupita kiasi. Kasoro mojawapo ilikuwepo tangu mashine ya zamani, vyuma vilikuwa vinaifunika tu. Kwenye bastola mfano wa karibu ni SIG Sauer P320. Jeshi la Marekani liliichagua Januari 2017, likaitaka na sefti ya kidole gumba. Raia waliweza kuinunua bila hiyo sefti. Agosti mwaka huo huo watu wakaonyesha kwamba ile ya raia ikiangushwa kwa pembe fulani inaweza kufyatuka yenyewe, kwa sababu uzito wa kifyatulio chenyewe ulitosha kukisogeza ilipogonga chini. Kampuni ikatangaza marekebisho ya bure, kikiwemo kifyatulio chepesi zaidi. Kesi za watu wanaosema bastola zao zilifyatuka bila kuguswa zimeendelea miaka mingi baadaye, na kampuni imeendelea kukana.

Kuhusu watoto nilimwambia kaka waziwazi: sefti ya kidole gumba si kufuli la mtoto. Kijana wake wa miaka 6 anafungua simu yangu kwa kuangalia alama ya vidole kwenye kioo. Kidude cha kusukuma chini kitamchukua muda gani? Kwa watoto kuna sanduku la chuma lililofungwa na kuchimbiwa ukutani, basi. Akaniuliza kuhusu bastola za kielektroniki, zile zinazomtambua mwenyewe. Nikamsimulia Armatix iP1 ya Ujerumani, iliyofanya kazi tu ikiwa karibu na saa maalumu mkononi mwa mwenyewe. Mwaka 2017 mdukuzi mmoja aliifungua kwa sumaku za dola 15. Kaka alicheka mpaka akakohoa.

Kulikuwa na njia nyingine, kubeba chemba ikiwa tupu na kukoki wakati wa shida. Wengi hufanya hivyo na usingizi wao ni mzuri. Lakini kukoki kunataka mikono 2, na mkono wa pili wa kaka jioni una mkoba wa pesa, au mlango wa gari, au mkono wa jambazi. Mara zote 2 alizovamiwa walimshika mkono kwanza. Mwenyewe akaikataa.

Basi nikamwandikia ujumbe mrefu: chukua CZ, beba ikiwa na sefti juu, jifunze kuishusha kila unapoitoa hata kama hufyatui, na nunua sanduku. Nilijisikia kama mtu aliyemaliza mradi kabla ya tarehe :-)

Kabla ya kulipa, mwalimu wake wa kulenga shabaha huko Kiambu akakubali tuzijaribu zote 2, kwanza na risasi bandia. Nikaenda naye. Kaka akavaa mkoba, mwalimu akapiga filimbi, kaka akatoa CZ, akavuta kifyatulio, kimya. Sefti iko juu. Tena. Kimya. Mara ya tatu aliisukuma, lakini ilibidi aigeuze bastola mkononi kama mtu anayetafuta mahali pa kuchomeka chaja, na mtutu ukaenda kwa mwalimu. Mwalimu akasema kwa upole sana, "Simama hapo hapo, mzee."

Nikaangalia mkono. Wa kushoto.

Kaka yangu ni mashoto. Nilizaliwa nikimkuta mashoto. Shuleni walimchapa mpaka akaanza kuandika kwa mkono wa kulia, kwa hiyo kila ninapoenda dukani namwona akiandika risiti kwa kulia na akili yangu imeridhika. Lakini nyundo anashika kwa kushoto. Mawe tulipokuwa wadogo alirusha kwa kushoto, na kovu la jiwe moja ninalo mimi. Nilisoma majuma 2 kuhusu askari wa farasi wa mwaka 1911 na sikumuuliza mtumiaji wangu anatumia mkono gani. Wale mnaoandika programu mmeshawahi kufanya hivi, msinicheke.

Sefti ya CZ ile iko upande mmoja tu. Kwa mkono wa kushoto, kidole gumba kiko upande wa pili wa fremu. Kuna CZ 85, ambayo ni kama 75 lakini ina vidude pande zote 2, ila mwenye duka hakuwa nayo na hakujua angeipata lini. Hesabu yangu ya mara 900 ilikuwa sahihi, na haikuwa na kazi.

Tukakaa kwenye benchi na chai ya mwalimu. Yeye ndiye aliyelitatua, kwa sentensi moja, kana kwamba anazungumzia mfuko wa saruji. "Mbona unairudisha kwenye mkoba ukiwa umeuvaa? Vua mkoba na bastola ndani yake."

Yaani: mkoba wa plastiki ngumu unaofunika kifyatulio chote, wenye kibanio kinachouachia kutoka kwenye mshipi bila kuigusa bastola. Asubuhi bastola inaingia kwenye mkoba juu ya meza, mtutu ukielekezwa kwenye ukuta wa mawe, halafu mkoba na bastola vinapanda mshipini pamoja. Usiku vinashuka pamoja na kuingia kwenye sanduku pamoja. Zile mara 900 zinakuwa chache mno, na hizo chache hazifanyiki kiunoni. Mimi nilikuwa nimejipanga kukilinda kitendo cha hatari. Yeye alikiondoa.

Kaka akachukua Glock 19 ya toleo la 5, lile la mwaka 2017, kwa sababu kidude cha kuachia slaidi kipo pande zote 2 na kitufe cha magazini kinaweza kuhamishwa upande. Siwezi kusema nililala vizuri juma lile. Mwenye mkono wa kulia na mkoba wa kawaida, bado ningemwambia achukue yenye sefti, na mwenzangu wa kazini ajibu anavyotaka.

Jumamosi iliyopita kaka alinipigia. Kwenye mlango wa jengo moja mlinzi alimtaka aitoe bastola aiangalie kabla ya kuifungia kwenye droo. Kaka akakataa kuitoa, akaweka mkoba mzima mezani na cheti juu yake. Wakabishana, foleni ikarefuka, msimamizi akaitwa, mwisho droo ikafungwa na mkoba ndani. Alinisimulia akiwa na furaha ya ajabu.

Nikamuuliza kuhusu sanduku la chuma. La nyumbani limechimbiwa ukutani, akasema. La dukani bado, fundi hajaja. Nikamuuliza kwa hiyo mchana akiivua anaiweka wapi. Akasema simu yake inakatika, atanipigia baadaye. Mtandao wa Thika huwa haukatiki saa hizo. Kesho nashuka kule na drili yangu.